Kovu kwenye pua iliyopasuliwa mara mbili: tusubiri au tuchome sindano?

Hapa Tanga ukisema unakwenda kurekebishwa pua, watu hudhani unatafuta urembo. Wengi ninaowafahamu waliopita njia hiyo walianguka pikipiki. Mfupa ulivunjika, ukaunga kombo, wakapasuliwa, na baadaye wakarudiwa kwa sababu bado hawakupumua vizuri. Baada ya upasuaji huo wa pili huja tatizo jingine. Nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, lakini juu kidogo ya ncha ya pua kuna uvimbe mgumu usioshuka. Daktari mmoja anasema subiri mwaka uishe. Mwingine anataka kuchoma sindano sasa hivi.

Anayesema subiri ana hoja nzito. Kovu halikomai kwa wiki sita. Mwili kwanza hurundika kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazounda kovu, bila mpangilio, kisha huchukua miezi mingi kuipanga upya, na sehemu kubwa ya ugumu hulainika wenyewe. Pua iliyofunguliwa mara mbili huchelewa zaidi, maana vijia vinavyoondoa maji kwenye ngozi vimekatwa na kukatwa tena. Mwaka mmoja ni kawaida. Mwenye ngozi nene anaweza kufika miezi 18 au kupita, na ncha ndiyo hushuka mwisho. Anayejitazama kwenye kioo mwezi wa tatu akakata tamaa, mara nyingi anachokiona ni maji kuliko kovu.

Hata hivyo kovu la kweli lipo, na lina chanzo chake. Kati ya ngozi na gegedu, ule mfupa laini wa pua, pakibaki uwazi, damu hujaa pale, na baadaye nyama ya kovu huchukua nafasi ya damu. Ngozi nene ya pua, ambayo wengi wetu tunayo, haishuki upesi kushika umbo jipya lililo chini yake, kwa hiyo uwazi huo hutokea kwa urahisi. Ukimtazama mtu kwa upande, pua imejipinda kama mdomo wa kasuku. Hapo wenye sindano wanasema kovu changa husikia dawa, lililokomaa halisikii sana. Dawa ni triamsinoloni, aina ya steroidi, inayodungwa kidogo mno chini ya ngozi na kurudiwa baada ya wiki kadhaa ikihitajika.

Ugumu wa uamuzi uko hapa: miezi ile ile tunayoambiwa tusubiri ndiyo ambayo sindano hufanya kazi vizuri zaidi.

Na sindano hiyo si ya kuchukuliwa kwa wepesi. Ikizidi, au ikikaa juu mno, ngozi hukonda, hubonyea, vishipa vidogo vya damu huonekana, na rangi hupotea. Kwa mtu mweusi doa jeupe katikati ya uso linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na linaweza kukaa miezi mingi. Nadra sana, dawa imeingia kwenye mshipa wa damu na kudhuru jicho. Tumeona steroidi za mkorogo zinavyokondesha ngozi. Ndiyo hiyo hiyo familia ya dawa. Kwa hiyo sindano ya pua ni ya mkono wa bingwa.

Mimi naegemea kusubiri, ila kusubiri kwa kuangaliwa. Mtu wa Tanga aliyepasuliwa Dar es Salaam ana safari ya kilomita kama 350, nauli, na ruhusa ya kazini. Akiambiwa "rudi baada ya mwaka", kovu linapata mwaka mzima bila jicho la daktari. Bora apangiwe miadi ya karibu karibu, apigwe picha kila mara kwa upande ule ule, na uvimbe ukizidi kuwa mgumu badala ya kulainika, ndipo sindano ndogo ichomwe mapema. Kumngoja huyo hadi mwezi wa 12 ni kumpotezea nafasi.

Plasta za kubana ngozi ya pua usiku nazo zina faida, hasa kwa ngozi nene, lakini joto letu linazipiga vita. Nina jirani Ngamiani aliyekuwa akibandika vizuri kabisa, alfajiri plasta iko kwenye mto. Mama mkwe wake alikuwa akimkanda pua kwa mafuta ya nazi jioni, kwa nia njema, na plasta haishiki kwenye mafuta. Kukanda kwenyewe kusubiri ruhusa ya daktari, maana gegedu iliyopandikizwa bado haijashika.

Kuna hali moja isiyongoja kabisa. Ziba tundu moja la pua, vuta hewa kwa jingine. Tundu lililokuwa wazi likianza kuziba wiki baada ya wiki, huenda kovu limeunganisha kuta za ndani. Nenda hospitali ya Bombo, hapa Tanga, uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Kovu kama hilo huweza kukatwa na kuta zikatenganishwa kwa kikaratasi laini cha plastiki hadi zipone.

Upasuaji wa tatu wa kuondoa kovu la nje naupinga kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu kila kufungua pua ni kuanzisha kovu jipya. Ukifika huko, gegedu ya ndani ya pua inayotumika kuijenga upya huenda imekwisha, na daktari atataka ya sikio au ya ubavu. Keloidi, kovu linalovimba na kuota kupita mipaka ya kidonda, ni nadra puani, lakini sikio na kifua ni mahali pake hasa. Kama wewe au ndugu yako wa damu amewahi kuota keloidi, mwambie daktari kabla hajachagua pa kukata.