Tiketi kwa simu: nafuu ni ya nani, kosa ni la nani?

Mwenye bando kwenye simu na salio kwenye M-Pesa anaweza kununua kiti cha Mombasa akiwa amekwama kwenye msongamano wa magari ya Rongai, na kabla hajafika mjini tiketi imeshaingia kwenye barua pepe. Hajapanda ngazi za ofisi yoyote wala hajasubiri karani amalize mazungumzo yake. Ndiyo maana imezoeleka Nairobi kusema kwamba ajenti wa tiketi amepitwa na wakati kama kibanda cha simu. Lakini nenda Eastleigh, mtaa wa biashara wa hapa Nairobi, uone. Ofisi za kuuza tiketi za Mogadishu, Jeddah na Dubai bado zina wateja, na wateja wenyewe wana simu kali kuliko yangu. Si kwamba hawajui intaneti. Wanajua jambo kuhusu tiketi ambalo matangazo ya programu za simu hayalisemi.

Niseme msimamo wangu mapema. Teknolojia imeshusha gharama ya kutafuta kiti, na hilo ni jema ambalo sitaki lirudishwe nyuma. Ila imemtwika msafiri mzigo wa kosa ambao zamani ulibebwa na mwingine, na mzigo huo hauonyeshwi popote kwenye bei.

Kabla ya kompyuta, kiti cha ndege kilikuwa alama kwenye kadi, na makarani walishinda wakipigiana simu kuulizana kama bado kipo. Mwaka 1953, kwenye ndege ya kutoka Los Angeles kwenda New York, rais wa kampuni ya American Airlines, C.R. Smith, alijikuta ameketi karibu na muuzaji wa IBM aliyeitwa R. Blair Smith. Kufanana kwa majina kukazaa mazungumzo, mazungumzo yakazaa Sabre, mtambo wa kuhifadhi nafasi ambao kufikia 1964 ulikuwa ukifanya kazi kikamilifu. Mwaka 1976 skrini za mitambo ya aina hiyo zikaanza kuwekwa kwenye ofisi za maajenti. Miaka miwili baadaye Marekani ikaacha kuzipangia kampuni za ndege nauli na njia, bei zikawa nyingi na za kubadilika kila mara, na ajenti asiye na skrini akawa kipofu sokoni.

Hapo ndipo hila ilipoingia. Ajenti mwenye haraka huchagua ndege kutoka ukurasa wa kwanza, na mwenye mtambo ndiye aliyepanga ukurasa wa kwanza. Kampuni zilizomiliki mitambo zikapandisha safari zao juu na kuwasukuma washindani chini. Robert Crandall, aliyekuwa kigogo wa American, alilitetea jambo hilo waziwazi mbele ya wabunge wa Marekani: kujipendelea huko ndiko kulikofanya mtambo ustahili kujengwa. Mwaka 1984 mamlaka ya usafiri wa anga ya huko ikapiga marufuku upendeleo wa skrini. Ulaya nayo, mwaka 1987, ikaunda mitambo yake: Amadeus ya Air France, Lufthansa, Iberia na SAS, na Galileo ya British Airways, KLM na wenzao. Hizo ndizo skrini zilizokuja kujaa kwenye meza za Nairobi. Kwa hiyo anayesema ajenti alikuwa mwongozaji asiye na upande hajui historia. Alikuwa akisoma orodha iliyopangwa na mtu mwingine kwa faida ya mtu mwingine.

Na dhambi zake mwenyewe zilikuwepo. Kamisheni ilikuwa asilimia ya nauli. Tiketi ghali ilimlipa zaidi kuliko tiketi rahisi, na mteja hakuwa na njia ya kukagua. Februari 1995 kampuni ya Delta iliweka kikomo cha dola 50 kwa kamisheni ya safari ya ndani ya kwenda na kurudi, wengine wakafuata, na kufikia 2002 kampuni kubwa za Marekani zilikuwa zimeacha kulipa kamisheni hiyo ya kawaida kabisa. Wimbi hilo lilisambaa duniani, na ajenti akabaki kuishi kwa ada anayomtoza mteja. Mimi siililii kamisheni. Tatizo ni kwamba hapa kwetu mara nyingi ada hiyo humezwa ndani ya bei, na mteja huambiwa jumla tu, kama ilivyokuwa zamani.

Sasa tuangalie kazi yenyewe kwa karibu, maana hapa ndipo ubishi wa ajenti na programu ya simu hupata nyama. Anayetumia Amadeus anaandika AN15DECNBODXB, yaani nionyeshe ndege za Nairobi kwenda Dubai tarehe 15 Desemba. Skrini inamrudishia mistari ya herufi na tarakimu: Y9, M9, Q4, V0. Kila herufi ni fungu la bei. V0 ni fungu lililokwisha. Q4 maana yake kwa bei hiyo vimebaki viti vinne. Y9 haimaanishi viti tisa. Tisa ndiyo mwisho wa kuhesabu, hata kama vimebaki themanini.

Chukua familia ya watu watano. Baba anaingia kwenye tovuti, anaomba viti vitano kwa pamoja. Mtambo unatafuta fungu lenye viti vitano au zaidi. Q ina vinne tu, kwa hiyo haifai, na wote watano wanapelekwa kwenye M, fungu la juu yake. Tovuti haimwambii kwamba wanne kati yao wangeweza kulipa pungufu. Inamwonyesha bei moja, kwa maandishi makubwa na kitufe cha kulipia. Karani anayejua kazi yake huiona ile Q4 papo hapo, anawagawa wanne na mmoja, na pesa inayobaki mfukoni mwa familia inaweza kuzidi ada yake. Nawe usidhani kugawa huko hakuna hatari. Ndege ikifutwa, mtambo hautambui kwamba yule wa tano ni mtoto wa wale wanne mpaka mtu aunganishe kumbukumbu zao, na anaweza kupangiwa ndege ya kesho yake. Karani mzuri ataandika maelezo hayo. Karani mbaya atachukua sifa ya bei na kusahau mengine.

Upande wa malipo, teknolojia iliyofungua soko la Kenya haikutoka New York wala Madrid. Kununua tiketi mtandaoni kulitaka kadi ya benki, na Wakenya wengi hawakuwa nayo. Fly540 ilianza kuruka 2006, M-Pesa ikaja 2007, na Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ikaanza kuruka 2014, wakati ambapo kulipa kwa simu kulishakuwa jambo la kila siku. Mtu ambaye hajawahi kumiliki kadi akaweza kununua kiti cha Kisumu mwenyewe. Huo ni ukombozi wa kweli, na anayeubeza pengine hakuwahi kupanga foleni kwenye ofisi ya tiketi wiki ya Krismasi.

Ukombozi huo una kikomo chake, lakini. Muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, na tiketi za familia nzima kwenda Toronto zinapita hapo bila shida. Kisha kuna mtu anayelipa kwa awamu, anayeleta elfu thelathini leo na nyingine mwisho wa mwezi. Tovuti haimjui. Ajenti aliyezoeana naye kibiashara, aliyemuuzia tiketi ya Umra ya mama yake, anaweza kumshikia. Utafiti wote wa soko ungeita hilo uzembe wa mfumo. Wafanyabiashara wa Eastleigh wanaliita kuaminiana, na bidhaa zao zinafika.

Nyuma ya kuaminiana huko kuna kanuni kavu. Ajenti aliyeidhinishwa na IATA, shirika la kimataifa la kampuni za ndege, kwa kawaida huweka dhamana ya kifedha na hulipa mauzo yake kupitia mfumo wa pamoja kwa tarehe maalumu. Asiyeidhinishwa huchukua tiketi kwa aliyeidhinishwa. Akikosea kukokotoa nauli, kampuni ya ndege humtumia madai, naye hulipa. Hilo ndilo jambo ambalo msafiri hununua bila kujua kwamba amelinunua: mtu mwingine wa kudaiwa. Kwenye simu yako, herufi moja ikiruka kwenye jina, mdaiwa ni wewe. Na sisi Wakenya tuna majina matatu, la ubatizo ama la dini, la babu, la baba, huku fomu za tovuti zikitaka jina la kwanza na la mwisho tu. Wengi hujaza wanavyojulikana kazini badala ya walivyoandikwa kwenye pasipoti, na mgongano huo huonekana siku ya safari, mizigo ikiwa imeshafungwa.

Tiketi ya karatasi yenyewe ilizikwa rasmi tarehe 1 Juni 2008, IATA ilipoacha kuitoa kwa maajenti wake. Kile kijitabu chenye kurasa za kaboni kilikuwa sawa na pesa taslimu: ukikipoteza umeumia. Sidhani kuna mwenye kukitamani. Ila kuondoka kwake kulileta utapeli ambao bado unawaumiza vijana wanaotafuta kazi Ghuba. Tapeli anahifadhi nafasi bila kulipia. Mtambo unampa nambari ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita, ya kweli kabisa, na safari inaonekana. Anachapisha karatasi yenye nembo, anachukua pesa, anazima simu. Muda wa kulipia ukipita mtambo unafuta nafasi ile, na kijana anaambiwa hivyo akiwa kwenye uwanja wa ndege wa JKIA na jamaa waliokuja kumsindikiza. Kumbukumbu ya nafasi si tiketi. Tiketi ina nambari ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za kampuni iliyoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar. Kwa kampuni kama hizo, karatasi isiyo na nambari hiyo si tiketi. Yenye nambari nayo ipeleke kwenye tovuti ya kampuni ya ndege uikague, ni jambo la dakika mbili. Teknolojia ileile iliyompa tapeli silaha imempa mnunuzi ngao, ila silaha ilitangazwa haraka kuliko ngao.

Mambo yakiharibika ndipo unapojua ulinunua kwa nani. Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za kimataifa za abiria. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma na maelfu ya abiria wakakwama. Aliyenunua moja kwa moja kwa kampuni ya ndege angalau anajua mlango wa kugonga, na mara nyingi hubadilishiwa safari kwenye simu yake. Aliyenunua kwa ajenti wa mjini anaweza kwenda kusimama mbele ya meza yake, ingawa pesa zinaweza kuwa zimeshapelekwa kwa kampuni ya ndege na ajenti hana za kurudisha. Anayeteseka zaidi kwa maoni yangu ni wa tatu, yule aliyefuata bei ya chini kwenye tovuti ya nchi za nje. Kampuni ya ndege inamwambia arudi alikonunua, na alikonunua anajibiwa na roboti.

Kinachokuja kinanitia wasiwasi zaidi ya kilichopita. Tangu 2012 IATA inasukuma utaratibu mpya, NDC, unaowezesha kampuni ya ndege kutengeneza ofa yake yenyewe na kuipeleka kwa muuzaji, badala ya mitambo ya kati kuijenga kutoka kwenye nauli zilizotangazwa. Mwaka 2015 Lufthansa ilianza kutoza euro 16 za ziada kwa tiketi zilizouzwa kupitia mitambo hiyo, kuwavuta watu kwenye njia zake. Kampuni zina haki ya kukwepa gharama ya mtu wa kati. Lakini katika utaratibu huo ofa inaweza kutegemea nani anauliza, na ajenti mdogo wa Nairobi atalazimika kufungua skrini tatu nne kufanya ulinganisho aliokuwa akiufanya kwenye moja. Ile hila ya skrini iliyopigwa marufuku 1984 ilionekana kwa sababu maajenti wengi walitazama orodha ileile. Kila mtu akiwa na orodha yake, ushahidi wa upendeleo utakusanywa na nani? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa maamuzi yanayofanywa na mashine pekee juu ya mtu, lakini haikutungwa mahususi kwa bei ya kiti cha ndege.

Kwa leo, kiti cha Kisumu ama Mombasa nunua mwenyewe, huna haja ya mtu. Safari ya kubadilisha ndege mara mbili, yenye watoto, viza na tarehe ya kurudi isiyojulikana, mpe mwenye meza na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na umlipe ada yake bila kinyongo, mradi ada hiyo iandikwe kwenye mstari wake katika risiti. Mamlaka inayotoa leseni ingeweza kulifanya hilo kuwa sharti. Na kampuni za ndege zinazotuhimiza tununue kwenye tovuti zao zianze na jambo dogo: familia ya watu watano ikiomba viti, iambiwe kwamba vinne vipo kwa bei ya chini na cha tano ni ghali zaidi, halafu ichague yenyewe. Mtambo unaijua ile Q4. Aliyezuiwa kuiona ni mnunuzi.