Kipimo cha Hatari Kinajua Zaidi Nani Aachiwe

Je, uliishi na wazazi wako wote wawili waliokuzaa mpaka ukafika miaka 16? Anayejibu ndiyo hupunguziwa alama mbili. Anayejibu hapana, kwa sababu yoyote isipokuwa kifo cha mzazi, huongezewa tatu. Hilo ni moja kati ya maswali 12 ya VRAG, kipimo cha hatari ya mtu kurudia ukatili, kilichotungwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Grant Harris, Marnie Rice na Vernon Quinsey, baada ya kufuatilia wanaume zaidi ya 600 waliopitia hospitali ya ulinzi mkali ya Penetanguishene, Ontario. Alama zikijumlishwa mtu anaingizwa kwenye kundi, na kila kundi lina asilimia yake: kati ya wanaume wa aina hii, wangapi walirudia ukatili ndani ya miaka saba, na wangapi ndani ya kumi.

Msomaji wa Tanga au Kisumu aliyelelewa na bibi huku wazazi wakitafuta riziki mjini ameshaliona tatizo. Mimi pia naliona, na nitalirudia. Lakini kabla ya kukitupa kipimo tujue kwanza kilikuja kuchukua nafasi ya nini.

Kilikuja kuchukua nafasi ya mtu kama James Grigson. Sheria ya Texas ya mwaka 1973 ilitaka juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, kabla ya kutoa hukumu ya kifo, ijiridhishe kwamba mshtakiwa anaelekea kuendelea kuwa hatari kwa jamii. Grigson, daktari wa magonjwa ya akili, alisimama kizimbani katika kesi zaidi ya mia za aina hiyo, mara nyingi kwa upande wa mashtaka. Katika kesi ya Thomas Barefoot, aliyetiwa hatiani kwa kumuua askari polisi, hakuwahi kumchunguza mshtakiwa. Alisomewa maelezo ya mtu wa kubuni anayefanana naye, akajibu kwamba ana uhakika kamili wa asilimia mia moja. Chama cha madaktari wenzake wa akili cha Marekani kiliiambia Mahakama ya Juu kwamba utabiri wa muda mrefu wa namna hiyo hukosea mara mbili katika kila tatu. Mwaka 1983 majaji sita dhidi ya watatu waliukubali ushahidi huo hivyo hivyo, kwa hoja kwamba wakili wa utetezi ana nafasi ya kumhoji daktari na juri itapembua yenyewe. Barefoot aliuawa kwa sindano ya sumu mwaka uliofuata. Grigson alikuja kufukuzwa na chama chake mwaka 1995.

Kosa la Grigson lilionekana kwa sababu alikuwa mpayukaji. Kosa la kimya ni kubwa zaidi, na lilijulikana kwa bahati tu. Mwaka 1966, katika shauri la Johnnie Baxstrom, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo la New York halina haki ya kumweka mtu katika hospitali ya wahalifu wagonjwa wa akili baada ya kifungo chake kwisha, bila kumpa utaratibu ule ule wa kisheria wanaopewa raia wengine. Wagonjwa zaidi ya 900, wote wakiwa wametajwa na madaktari kuwa hatari, walihamishiwa hospitali za kawaida. Wafanyakazi wa huko waliingiwa na hofu. Watafiti walipowafuatilia kwa miaka minne walikuta kwamba chini ya mmoja kati ya thelathini ndiye aliyerudishwa kwenye taasisi za wahalifu. Wengi walikuwa wamefungiwa miaka mingi kwa hatari ambayo haikuwapo, wala asingejulikana hata mmoja kama mlango usingefunguliwa kwa amri ya mahakama.

Hapo ndipo utafiti huu wote ulipoanzia. Mwanasaikolojia John Monahan alipopitia tafiti zilizokuwapo mwaka 1981, alihitimisha kwamba madaktari na wanasaikolojia walikuwa sahihi si zaidi ya mara moja katika kila tatu walipotabiri ukatili wa miaka ya mbele. Kama hisia za bingwa ni dhaifu hivyo, kuhesabu kulikuwa hatua ya busara.

Na kuhesabu kulileta mambo ambayo hisia zisingeyaona. Katika VRAG, mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie visivyokuwapo, hupunguziwa alama, na aliyeua hupunguziwa kuliko aliyejeruhi kidogo. Ukisikia mara ya kwanza unadhani mtu amekosea kunakili. Maana yake ni kwamba, miongoni mwa waliokuwa hospitalini pale, aliyeua akiwa ameugua na akatibiwa alirudia mara chache kuliko yule aliyezoea kupiga watu tangu ujana. Utafiti mkubwa wa MacArthur, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya elfu moja waliotoka hospitali katika miji mitatu ya Marekani na kuchapishwa mwaka 1998, ulikwenda upande huo huo: huko Pittsburgh, mgonjwa asiyetumia pombe wala dawa za kulevya hakuwa mkatili kuliko jirani yake asiyetumia. Kwa nchi ambazo kichaa wa sokoni bado anapigwa mawe kwa kisingizio cha usalama, hilo peke yake linatosha kuutetea utafiti huu.

Lipo kundi la watafiti ambalo halikuridhika na hesabu tupu. Kutoka British Columbia, jimbo jingine la Kanada, ilitoka tathmini ya hatari iitwayo HCR-20 mwaka 1995, yenye mambo 20 ya kupitiwa: kumi ya historia ya mtu, matano ya hali yake ya sasa, matano ya mazingira anayokwenda kuishi. Hakuna jumla inayotoa jibu. Mchunguzi hupitia yote, kisha huandika maoni yake na mpango wa kumsimamia mhusika. Wanaoipenda husema inamrudisha binadamu kwenye uamuzi. Wanaoipinga husema inamrudisha Grigson kwa mlango wa nyuma, safari hii akiwa na fomu mkononi.

Ushahidi unawapa wapinzani hao hoja. Daniel Murrie na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio ambalo kila wakili anapaswa kulijua. Wataalamu zaidi ya mia moja walilipwa kupitia mafaili yale yale ya wahalifu. Nusu waliaminishwa kwamba wameajiriwa na upande wa mashtaka, nusu na utetezi. Wa mashtaka walitoa alama za juu zaidi, wa utetezi za chini, hasa kwenye PCL-R ya Robert Hare, ile orodha ya sifa 20 za usaikopathi (hulka ya kutojali wengine wala kujuta) ambayo alama zake hufika 40. Kwenye kipimo chenye maswali ya rekodi tu, kama umri na hukumu za nyuma, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa hiyo namba nayo huinama kuelekea anayelipa, na huinama zaidi pale mchunguzi anapoachiwa nafasi ya kuhisi.

Sasa swali lenyewe: je, vipimo vinafanya kazi? Seena Fazel wa Oxford na wenzake walikusanya mwaka 2012 matokeo ya watu karibu 25,000. Kati ya waliowekwa kwenye hatari ya kati au ya juu ya ukatili, asilimia 41 ndio waliofanya ukatili baadaye. Kati ya waliowekwa kwenye hatari ya chini, asilimia 91 hawakufanya. Tusome namba hizo mbili kwa pamoja. Kipimo kinaposema "huyu hatari", kinakosea zaidi ya nusu. Kinaposema "huyu si hatari", kinapatia mara tisa katika kumi.

Mjuzi wa takwimu atanikatiza hapa, na atakuwa na haki. Atasema tofauti hiyo haitokani na ujanja wa kipimo, inatokana na uchache wa ukatili wenyewe. Chukua mfano wa watu 1,000 ambao 50 kati yao watadhuru mtu. Kipimo kinachowatambua asilimia 70 ya wakatili na asilimia 70 ya wasio wakatili kitawanyooshea kidole watu 320. Kati yao, 35 tu ndio wenyewe. Wengine 285 wamesingiziwa. Wale 680 waliosafishwa, wametoroka humo 15. Hata mpiga ramli anayesema "hapana" kwa kila mtu angepatia asilimia 95.

Nakubali, ila hoja hiyo inanisaidia zaidi kuliko inavyoniumiza. Mpiga ramli huyo hawezi kumsaidia hakimu kuchagua wa kuwaachia kwanza, na kipimo kinaweza. Tena hatuishi na mahakama zinazosema "hapana" kwa kila mtu. Tunaishi na mahakama, bodi za parole na wakuu wa magereza wanaoogopa kosa la aina moja: aliyeachiwa akaua atakuwa habari kila mahali, na jina la aliyetia sahihi litatajwa. Aliyebaki ndani miaka kumi bila sababu haandikwi popote. Katika mazingira hayo, chombo kinachotoa hoja ya kufungua mlango kina thamani ambayo kile cha kuufunga hakina. Ndiyo maana naona ugomvi wa "mashine au bingwa" umekaa vibaya. Kinachopaswa kuamuliwa ni namba itumike upande gani wa mlango.

Kanada kwenyewe wamelipitia hili. Jeffrey Ewert, mfungwa wa asili ya Métis, moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, alidai kwamba vipimo alivyopimiwa, PCL-R na VRAG vikiwamo, havikuthibitishwa kwa watu wa asili yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba idara ya magereza ilivunja wajibu wake wa kisheria wa kuhakikisha taarifa za mfungwa ni sahihi, kwa kuendelea kutumia vipimo hivyo bila kuchunguza kama vinawafaa watu wa asili. Haikusema vipimo ni vibovu. Ilisema anayevitumia ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kama ndani ya Kanada moja jambo hilo halikuwa dogo, swali la wazazi wawili likisafirishwa mpaka Dodoma litapima nini? Malezi ya shangazi na bibi hapa ni utaratibu wa ukoo, wala si dalili ya nyumba iliyovunjika.

Upo hata hivyo upande ambao nyongeza ya tahadhari haimfungi mtu, na huko napunguza ukali wangu. Muuguzi na mtafiti wa Marekani Jacquelyn Campbell alitunga katikati ya miaka ya 1980 orodha ya maswali kwa wanawake wanaopigwa na waume au wapenzi: ana bunduki? amewahi kukukaba koo? ametishia kukuua? umemwacha karibuni? Mwanamke huanza kwa kuweka alama kwenye kalenda siku alizopigwa, na mara nyingi kalenda humshtua kuliko maneno ya mtu yeyote. Hapa jibu la "hatari kubwa" likikosea, gharama yake ni hifadhi ya usiku kadhaa na askari aliyepita nyumbani bure. Kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi Tanzania, au kwa polisi wa Kenya baada ya maandamano ya Januari 2024 dhidi ya mauaji ya wanawake, swali moja la kukabwa koo lingefaa kuliko kumwambia mama wa watu "kayamalizeni nyumbani".

Wanaoshikiliwa kwa muda usiojulikana ni jambo jingine. Taasisi ya Isanga jijini Dodoma na wodi ya ulinzi ya Mathari jijini Nairobi zina watu ambao mahakama iliona walitenda lakini hawakuwa na akili timamu. Kutoka kwao kunategemea mtu wa juu kuridhika kwamba hatari imepita, na kuridhika huko ndiko hasa Grigson alikokuwa akikuuza. Kwa hao ningependa tathmini ya kitaalamu iwepo, kwa masharti matatu: ripoti ya kumwachia itoshe kuanzisha shauri, ripoti ya kumzuia isitoshe peke yake, na kila ripoti iwe na tarehe ya kwisha nguvu, ili anayetaka kuendelea kumshikilia mgonjwa alazimike kurudi mbele ya hakimu na kuthibitisha upya.