Kosa Langu ni Daftari

Kosa langu mimi ni kuwa na daftari. Mtoto wa Papa Mapasa, yaani baba wa mapacha, alipopasuliwa, tulijikuta wanaume kumi na mmoja uani kwake Majengo, hapa Goma, kila mmoja anakuna kichwa, mpaka mmoja akauliza nani ana karatasi. Nikatoa daftari la madeni ya kibanda changu cha vocha. Kufumba na kufumbua nimeshakuwa mweka hazina. Hakuna aliyenipigia kura, lakini ipungue hata franka mia, wote watapiga kura kwamba mimi ni mwizi.

Papa Mapasa anateremsha mkaa na viazi kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedeli, kutoka Kibumba, na nusu ya mtaa tumewahi kupika kwa mkaa wake wa deni. Pacha mmoja alishikwa na homa. Duka la dawa la kwanza likasema malaria, la pili likasema minyoo, jirani akasema ni jicho la watu. Wiki ya tatu tumbo likakaza kama ngoma. Kumbe tifoide, na imeshatoboa utumbo. Daktari akatueleza kwamba ugonjwa huo mtu anaunywa kwenye maji machafu, kisha akatutazama kana kwamba tuna maji mengine tumeyaficha. Goma hii! Volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto mwaka 2002 ulipita katikati ya mji, tukajenga tena juu ya yale mawe. Ukitaka kuchimba kisima, uanze kwa kugombana na mlima. Maji yetu ni bidoni mgongoni kutoka ziwani. Haya.

Bili ikaja: dola 480.

Kamati iliundwa upesi kuliko serumu ya mtoto ilivyopatikana. Prezida, makamu, katibu, katibu msaidizi, msemaji, mshauri wa kiroho. Watu kumi na mmoja, wakubwa tisa. Kikao cha kwanza kilibishania jina la kundi la WhatsApp. Cha pili kilikunywa sukre, yaani soda, za dola sita, na mshauri wa kiroho akataka ziandikwe kwenye matumizi ya mgonjwa. Niliandika. Kalamu yenyewe ilikuwa inasita.

Ila ahadi, jamani! Jioni ile zilifika dola 615. Prezida akauliza salio tutalifanyia nini, katibu akapendekeza fulana. Siku tano baadaye mkononi nilikuwa na dola 94, pamoja na picha za mikono ya maombi zisizo na idadi. Mtu anakuandikia "Kuraje, tuko pamoja." Pamoja wapi? Mimi niko kwenye benchi la hospitali, wewe ulijipiga picha saa saba ukila samaki.

Wengine wanatuma dola tano kwa simu, bila ya kutolea. Na tangu benki za hapa zifungwe mwezi Januari 2025, ukitaka noti mkononi wakala naye anakata ya kwake. Anakutazama usoni kwanza. Akiona una haraka, anaongeza. Ile tano inamfikia mtoto imekonda kumshinda mtoto mwenyewe. Shemeji yao wa Ubelgiji yeye alitaka bili yenye muhuri, picha ya bili, picha ya mtoto, na picha ya mtoto akiwa ameshika bili. Megabaiti zote nililipa mimi. Akajibu kwa sauti, dakika nne nzima, akitufundisha kunawa mikono.

Halafu kuna yule mwenye gari. Sitamtaja, anajijua. Huyo alikuja mwenyewe, akakohoa ili watu wageuke, akanipa dola kumi kwa mikono miwili. Wakapiga makofi. Nikakimbia nazo mpaka kwa kambiste, mbadilisha pesa wa barabarani. Mzee yule akaishika noti kwa ncha za vidole, akaivuta mara mbili, akaiinua juani, akafumba jicho moja. Akanirudishia. Pembeni, chini kidogo ya sikio la yule bwana wa kwenye noti, palikuwa na mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Imekufa hii," akasema.

Nikaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka Birere. Imekufa, imekufa, imekufa. Sasa niambieni, franka mia tano yetu ina gundi, ina harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, imekatika vipande viwili vikaolewa tena, na inanunua nyanya bila kuulizwa lolote. Dola ikikwaruzwa tu, maiti. Pesa ya Wamarekani, lakini wanaoihurumia ni sisi.

Wakati huo mtoto ameshapona, anataka chapati, ila hatoki. Mlinzi wa getini anataka karatasi ya kutoka, na karatasi ya kutoka inataka bili yote. Wanakuzuia kwa kuwa huna pesa, na kila usiku unaozuiliwa wanakuandikia kitanda. Mama yake analala chini kwenye kitenge, chakula kinatoka nyumbani kwa sufuria, na bili inanenepa. Yule pacha mwingine naye akagoma: akataka naye afungwe bendeji tumboni, maana kwa mapasa humpi mmoja ukamnyima mwenzake. Tulimfunga. Tukamlaza dakika mbili, akaridhika.

Nyumbani nako hakuna amani. Mama watoto alichukua daftari, akaanza kusoma kwa sauti. Mstari wa kwanza ni jina langu, dola 20; nililiandika kubwa ili wengine waone haya.

"Huyu wa kwanza alilipa lini?"

Nikamwambia huyo ni kiongozi, ana utaratibu wake.

"Utaratibu huo kwenye kibanda chako unauitaje?"

Nikauza redio.

Waliomtoa mtoto ni wamama wa soko la Virunga. Wana likirimba lao, mchango wa kupokezana kwa zamu. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya muuza sambaza mmoja, aliyekuwa anangojea mabati tangu mvua za mwaka jana. Akasema zamu yake ipewe mama wa mapasa. Wakahesabu noti juu ya ndoo iliyofunikwa, wakaongeza na zetu, basi. Hawana prezida. Sijaona hata mmoja wao akiandika. Msemaji wetu alikasirika sana kwamba hawakupitia kwenye kamati, na fulana bado anazitaka.

Mtoto alirudi amekaa juu ya chukudu ya baba yake, pacha wake nyuma, wote wawili na bendeji.

Jana yule mwenye gari akapita kibandani. Akanunua vocha, akasimama.

"Mweka hazina, mtoto alitoka?"

"Alitoka, mukubwa."

"Mungu ni mwema. Sasa ile kumi yangu… nasikia haikutumika?"

Ilikuwa bado ndani ya daftari, kwenye ukurasa wake. Nikamkabidhi. Akaivuta mara mbili, akaiinua juani, akafumba jicho moja. Akauona mchaniko. Akanirudishia.

"Hii si yangu," akasema. "Yangu ilikuwa nzima."