Kiolezo cha jina au cha modi: nani aamue?

Faharasa ya kamusi yetu ndogo ya Kiswahili na Luganda ilitoka siku moja ikiwa rundo la maneno: mvua enkuba nomino mto omugga nomino, ukurasa baada ya ukurasa, bila mpangilio wowote. Prosesa, yaani programu inayotekeleza maagizo ya XSLT (lugha ya kugeuza hati za XML kuwa umbo jingine), haikulalamika. Tulishinda mchana kutwa tukiilaumu data, kumbe kosa lilikuwa kwenye Kiswahili chetu. Mimi niliandika violezo (vipande vya maagizo) vyenye modi, yaani lebo ya aina ya kazi, mode="faharasa"; mwenzangu, aliyekulia Arua, akaviita kwa mode="fahirisi". Kwa msomaji ni neno lile lile. Kwa XSLT hizo ni modi mbili, na ya pili haikuwa na kiolezo hata kimoja.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana. Tangu toleo la 1.0 la mwaka 1999, nodi (kipande cha hati, kama elementi) isiyopata kiolezo huangukia kanuni za ndani: prosesa hushuka kwa watoto wake katika modi ile ile na kumwaga maandishi yote inayoyakuta. Mwenzangu akasema tungevipa violezo majina na kuviita kwa xsl:call-template, tungejua mara moja, kwa kuwa kuita jina lisilokuwepo ni kosa na prosesa hulitaja. Ana haki. Kosa linalopiga kelele ni nafuu kuliko kosa linalochapishwa.

Lakini hebu tazama jinsi kazi inavyogawanywa. Kiolezo cha jina ni gari la kukodi: unampigia dereva unayemjua, unamwambia uendako, anakuja yeye na si mwingine. Modi ni Old Taxi Park pale Kampala: mpiga debe anaita "Jinja! Jinja!", na kila abiria anajua mwenyewe kama gari ni lake. Kwa jina, anayeita ndiye anayeamua. Kwa modi, anayeita anataja tu aina ya kazi, na nodi yenyewe ndiyo inayoamua kiolezo.

Tuliwahi kuwa na kiolezo kiitwacho andika-ingizo. Kilianza na nomino. Vikaja vitenzi na minyambuliko yake, kisha methali, kisha vifupisho, na xsl:choose, amri ya kuchagua kwa masharti, ikavimba hadi masharti saba. Kila aina mpya ya ingizo ilimlazimu mtu afungue faili ile ile ambayo mwingine alikuwa ameifungua. Tulipohamia modi, methali ilipata kiolezo chake, kitenzi chake, na ingizo lile lile likaweza kupita mara mbili: katika modi ya mwili likitoka na maelezo yote, katika faharasa likitoka kama kidahizo tu, yaani neno lenyewe linaloorodheshwa. Kwa kazi ya namna hiyo sioni mshindani.

Tena, majina nayo yana ukimya wake. Katika 1.0, ukikosea jina la parameta (thamani unayokipa kiolezo) unapokiita, thamani yako inatupwa kimyakimya na ile ya msingi inatumika. Ni toleo la 2.0, la 2007, lililofanya hilo kuwa kosa. Isitoshe, xsl:call-template haibadilishi nodi ya sasa, ile inayoshughulikiwa wakati huo. Kiolezo chenye select="kidahizo" kitafanya kazi kikiitwa kutoka kwenye ingizo, na kitatoa utupu kikiitwa hatua moja chini yake. Hilo limenichukulia jioni nyingi kuliko tahajia.

Kwa hiyo majina nimeyaachia kazi zisizotegemea nodi: kupanga tarehe, kurudia nukta kati ya neno na namba ya ukurasa. Katika 2.0 hata hizo ningezipa xsl:function, amri ya kuunda fomula zako mwenyewe. (Kiolezo kimoja kinaweza kuwa na jina na modi kwa pamoja, lakini kwetu hilo lilizidisha tu mabishano.) Chochote kinachoanza na swali "hii ni elementi gani?" nakipeleka kwenye modi.

Toleo la 3.0, la 2017, lina dawa ya ule ukimya: ndani ya xsl:package (kifurushi cha msimbo) unatangaza modi zako, na usiyoitangaza inakuwa kosa. Sisi tunatumia xsltproc, prosesa ambayo imebaki kwenye 1.0, kwa hiyo tuna skripti fupi inayolinganisha modi zinazoitwa na zile zenye violezo kabla ya kuchapa chochote. Wiki iliyopita ilikamata fahirisi nyingine.