Kulipia Mvua Uluguru

Sijapata kuelewa kwa nini mtu mwenye bati zima huko Tabata achange fedha, aliache bati lake, aende kusimama mlimani mwezi wa Aprili ili anyeshewe. Wenzangu wa kundi la matembezi husema kwamba huko ndiko kupumzisha akili. Akili yangu mimi hupumzika kitandani Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa juu ya bati na mimi nikiwa chini yake.

Safari yenyewe ilikuwa ya Milima ya Uluguru, Jumamosi na Jumapili, katikati ya masika. Katibu wetu, dada mmoja mwenye bidii inayowachosha hata wanaomtazama, alituandikia kwamba kutakuwa na manyunyu kidogo. Hapo sharti tuelewane. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na tangu iumbwe kazi yake ni kuzikinga pepo zenye unyevu zinazotoka Bahari ya Hindi, kuzipandisha juu na kuzikamua. Kumwambia mtu kwamba Uluguru kuna manyunyu kidogo mwezi wa Aprili ni sawa na kumwambia kwamba Kariakoo kuna watu wachache mkesha wa Idi.

Maji hayo yakishakamuliwa huingia katika vijito, vijito huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaotegemewa kwa sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam. Kwa hiyo maji yaliyonichapa usoni Jumamosi kutwa ni yale yale ninayoyasubiri bombani kwangu, na ambayo nikichoka kusubiri huyanunua kwa madumu kwa kijana wa mkokoteni. Nyumbani nalipa ili yanifuate, na huku nimelipa nauli, kiingilio cha hifadhi na ujira wa kiongozi ili niyafuate mimi. Nilimweleza katibu hesabu hiyo tukiwa njiani, naye akanijibu, "Kaka, wewe furahia mandhari."

Mandhari yapi? Treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ilitufikisha Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili, tukiwa wakavu na heshima zetu kamili. Baada ya stesheni mambo yakaharibika. Mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 500, kilele cha Bondwa kinazidi mita 2,000, na kilichojaa katikati yake ni tope jekundu ambalo kila ukipanda hatua moja hukudai nusu yake. Tulipofika Morningside, penye jengo la kale la Wajerumani, nilitoa hoja kwa adabu kwamba ikiwa Wajerumani waliona panatosha kujenga hapo, sisi ni akina nani wa kuendelea. Hoja haikuungwa mkono.

Kiongozi wetu, kijana wa Kiluguru, alivaa yeboyebo na kubeba mkoba wangu juu ya wa kwake. Mimi nilivaa buti za mtumba ambazo muuzaji aliniapia kuwa zimetoka Uswisi, na huenda ni kweli, maana soli ya kulia ilianza kurudi kwao kabla hatujaufikia msitu. Kila nilipomuuliza umbali uliobaki alinijibu, "Bado kidogo tu, mzee wangu." Jibu hilo alilitoa kabla ya Morningside, akalitoa baada ya Morningside, na akalitoa tena wakati tunateremka.

Tukiwa tumejibanza chini ya mti, alitukuta bibi mmoja aliyekuwa akishuka sokoni kwa Chifu Kingalu, peku, mkungu wa ndizi kichwani ndio mwavuli wake. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatuuliza kwa huruma tumefiwa na nani huko juu. Katibu akamfafanulia kwamba hatukufiwa, tunatembea tu. Bibi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Basi poleni sana, wanangu," akaenda zake. Ieleweke kwamba mwaka 1955 watu wa milima hii walifanya ghasia kwa sababu serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Wao walikataa kutolewa jasho hapa kwa amri, ilhali sisi tulikuja kwa hiari na tukatanguliza malipo.

Bondwa kuna minara ya mawasiliano, lakini ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mnara wa kwanza niliutambua kwa bega. Siku ya jua, mtu akiwa pale huuona mji wote wa Morogoro chini yake. Sisi tuliona weupe, tukapiga picha ya pamoja mbele ya weupe huo, na katika picha hiyo watu wa safu ya nyuma hawaonekani kabisa, ingawa walichanga sawa na wengine.

Jumapili jioni, nguo hazijakauka, katibu alitangaza safari ijayo: Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, zaidi ya mita 2,600, mwezi huo huo wa Aprili. Orodha imekwisha kutoka. Jina langu limewekwa la kwanza bila mimi kuulizwa, pembeni yake pameandikwa "mzoefu wa mvua", na mchango umepanda.