Uongo Si Kweli

Jamani, nyie mnaokula kwa kibodi: mtu akikugongea saa tano usiku akakwambia "uongo si kweli", utamjibu nini? Amina?

Mimi ndivyo nilivyoambiwa juzi. Niko zangu Tabata, umeme ndiyo kwanza umerudi, feni inalia kama mashine ya kusaga, naendesha majaribio, vile vipande vya msimbo vinavyoikagua programu ya risiti, maana kesho yake bosi anamwonyesha mteja. Majaribio 212 yamepita, moja limefeli. Nasogea nione kulikoni. Python, lugha tunayoandikia programu, kwa heshima zake zote, inasema: False is not true. Uongo si kweli. Basi, imemaliza. Hata shehe anayeharakisha hotuba hutia mfano mmoja.

Nikafungua jaribio lenyewe: assertTrue(jumla == '11800'), yaani hakikisha ni kweli kwamba jumla ni 11800. Bidhaa ya shilingi 10,000, ongeza VAT asilimia 18, risiti iandike 11800. Hesabu ya shule ya msingi. Ila aliyeliandika amelinganisha mwenyewe humo ndani ya mabano, kisha akamkabidhi assertTrue jibu lililokwisha kupikwa: ndiyo au siyo. Masikini assertTrue ataijulia wapi hiyo jumla, na hajawahi kuiona? Ni kama mtoto umemtuma sukari, karudi mikono mitupu, ukimuuliza anasema "hapana". Hapana nini? Imekwisha? Duka limefungwa? Hela umeangusha? "Hapana."

Kuna mwenzetu ofisini aliwahi kusikia kwamba jaribio zuri huwekewa ujumbe. Akaweka. La kwake likianguka linasoma: False is not true : imefeli. Asante kaka. Ile rangi nyekundu nilidhani ni ya Simba.

Mama ntilie wetu hajui hata Python ni nini, lakini nenda kaagize wali nyama saa nane mchana. "Baba, nyama imekwisha, leo wateja walikuwa wengi. Umebaki wali maharage na chapati mbili za asubuhi." Ulichotaka, kilichopo, na sababu. Hakuachi uchungulie sufuria moja moja.

Nikabadilisha mstari ule mmoja, nikaweka assertEqual, ambaye hulinganisha mwenyewe, nikampa vyote viwili mkononi, '11800' na jumla. Safari hii akafungua kinywa. Nikaruka kichwa cha kosa, nikashuka kwenye tofauti yenyewe. Mstari wa kwanza, alama ya kutoa na 11800. Mstari wa pili, alama ya kujumlisha na 11800. Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. Mapacha! Nilishaanza kutafuta tusi la kufaa, ndipo nikauona mstari wa tatu. Una alama ya kuuliza mwanzoni, halafu kule mbele, chini ya mahali pasipo na kitu, kijumlisha kimoja kimesimama peke yake kama konda aliyeachwa na gari. Nafasi. Nafasi moja tupu baada ya sifuri ya mwisho. Saa mbili zimeliwa na kitu kisichoonekana.

Watu wa pytest, chombo kingine cha majaribio ya Python, najua mnacheka, assert yenu tupu inawaonyesha kila upande ulikuwa na nini. Hongereni. Sisi tuna msimbo wa urithi, na urithi haugawanywi bila kikao.

Nikafuta nafasi. Likaanguka jaribio la risiti nzima. Hapo Python ikanijulisha kwamba tofauti ina herufi 904, nikitaka kuiona niweke maxDiff, kile kikomo cha urefu wa tofauti, iwe None, yaani kisiwepo. Yaani umeiona, umeihesabu herufi kwa herufi, halafu unaikalia! Nikaweka, nikarekebisha, likapita.

Nikaendesha mara ya mwisho. Likaibuka jingine: unexpectedly None. Bila kutarajiwa, hamna kitu. Angalau hili limeshtuka pamoja nami. Nikazima kompyuta, nikaenda kufungua friji, nayo ikanijibu vilevile.