Ukuta wa mbao, tofali nyuma yake

Ramani za nyumba zinazozunguka kwenye simu zetu zimeanza kufanana: kioo kikubwa sebuleni, sola juu ya paa, na mbele ukuta wa mbao wa rangi ya asali. Mteja anampelekea fundi picha. Fundi anapandisha tofali za saruji kama kawaida, anapiga plasta, kisha anapigilia mbao juu yake, na nyumba inaitwa rafiki wa mazingira.

Sina ugomvi na mbao. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni iliyovutwa na mti kutoka hewani, ilhali saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu duniani. Lakini hesabu hiyo inaisaidia mbao inayochukua nafasi ya tofali. Ikivikwa juu ya tofali, ni kanzu tu.

Kanzu nayo ina kazi, ikishonwa vizuri. Ukuta wa magharibi ukivikwa mbao juu ya papi, yaani vipande vyembamba vya mbao vinavyopigiliwa kwanza ukutani, ukaachwa uwazi wa sentimita 3 hivi hewa ipande kutoka chini hadi juu, jua la alasiri linaishia kwenye mbao na chumba hakigeuki tanuri usiku. Kwa Dar es Salaam hilo ni jambo kubwa. Mbao zikigandamizwa moja kwa moja kwenye plasta, kama nionavyo mara nyingi, maji ya mvua hunasa nyuma yake na kuoza kunaanzia mahali usipopaona.

Halafu kuna mchwa. Misindano (paini) ya shamba la miti la Sao Hill, kule Mufindi, hukua haraka na hupandwa tena, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini bila dawa mchwa huimaliza. Dawa ile ya kijani iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Marekani iliacha kuitumia kwenye mbao nyingi za majumbani tangu mwisho wa 2003. Ukutani hainitishi sana. Kinachonitisha ni vipande vinavyobaki saiti, ambavyo mtu huokota akapikie, na moshi na majivu yake ni sumu. Mninga au mvule hustahimili zaidi, ila hiyo ni miti ya misitu ya asili, na kuikata kwa ajili ya urembo wa ukuta ni kuharibu hoja yote.

Wapo wanaocheka kwamba nyumba ya mbao ni banda. Kicheko hicho kina historia: mbao tulizozizoea ukutani ni mabanzi, makombo ya kiwanda cha kupasulia magogo. Mwaka 2021 lilipotangazwa ghorofa la mbao la sakafu 28 kule Fumba, Zanzibar, wengi walishangaa, wakati Mji Mkongwe umebebwa na boriti za mikoko kwa vizazi. Ila wazee waliziweka boriti ndani, chini ya dari nene, mvua isikofika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, nitamwambia kwanza atoe paa nje walau sentimita 80, na mbao zianze juu ya ardhi kiasi cha futi moja. Kisha aulize zilikaushwa wapi na kwa muda gani. Muuzaji akijibu kwamba zitakaukia ukutani, abaki na plasta yake.